Aliyezikwa kwa Ajili ya Filamu

Jumapili, 9 Machi

Naahidi kuandika kila kitu, hata yale yatakayoniaibisha. Mwalimu Nanyama, anayetufundisha Kiswahili, amenipa daftari hili la kurasa tisini na sita na kuniambia niliandikie masika yote, mpaka mvua ikatike. Amesema hatalisoma nisipompa mwenyewe.

Leo kanisani tumepata wageni wawili kutoka Manyatta, kule Kisumu. Bwana Robinson ana kikundi cha kutengeneza filamu, na Bridget ndiye mwenye kamera na mavazi. Wanataka kutengeneza filamu ya mateso ya Bwana hapa kwetu Usenge, kando ya ziwa, na waigizaji wawe watu wa hapa.

Sisi filamu ya Yesu tunaijua. Kila Pasaka huonyeshwa kanisani kwenye shuka. Yesu wa kwenye shuka ana macho ya buluu na nywele zinazomwagika mabegani, na midomo yake hufunga kabla sauti ya Kijaluo haijamaliza kusema.

Bwana Robinson alisimama mbele akauliza, "Katika filamu zote mlizoona, mtu anayefanana nanyi hufanya nini?"

Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, "Hubebea mwenzake msalaba."

"Na mwingine?"

"Mwingine ana pepo."

Kanisa lote lilicheka. Bwana Robinson hakucheka. "Safari hii," akasema, "anayefanana nanyi ndiye Bwana mwenyewe."

Sijui wengine walisikia nini. Mimi nilisikia joto kifuani, kama mtu aliyeitwa jina lake darasani kwa sababu nzuri.

Alhamisi, 13 Machi

Amechaguliwa baba yangu.

Baba ni fundi wa mashua. Bwana Robinson alikuwa akipita ufukweni akamkuta anapiga randa, kifua wazi, vumbi la mbao limemshika nyusi. Akasimama kumtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Bridget, "Seremala, tena mweusi tititi. Ningemtafuta wapi mwingine?"

Baba akasema, "Bwana, mimi hata kwaya sijawahi kuimba."

"Hutaimba. Utanyamaza tu, na watu watakutazama."

"Hiyo naweza," akasema baba.

Dani, yaani bibi yangu mzaa baba, jina lake Adongo, hakufurahi. Alinivuta mkono mpaka chumbani kwake, akanionyesha kalenda ya zamani yenye picha ya Yesu mweupe. "Yesu namjua, yuko hapa," akasema. "Yule nje ni Tom. Nilimzaa mimi, asubuhi, ndiyo maana akaitwa Okinyi. Wamwambie huyo kijana wa Kisumu asichezee mtoto wangu."

Nilimwambia kwamba Yesu hakuwa Mzungu, tulifundishwa. Akaniuliza kama mwalimu wetu alikuwepo. Nilimwonea aibu, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Shantel, ninayekaa naye dawati moja, anasema Yesu mweusi hivyo atatisha watoto wadogo.

Ijumaa, 21 Machi

Baba amesulubiwa leo saa tisa, baada ya masomo. Mama hakwenda kutazama. Alibaki nyumbani akichambua mchele ambao alikwisha uchambua jana.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Katika Injili kaburi ni pango. Usenge hakuna pango karibu. Bwana Robinson akasema, "Basi azikwe kama mtu wa hapa. Ndiyo maana ya filamu yetu." Vijana wa kikundi chake wakampima baba kwa kamba, wakachimba nyuma ya mahali pa kuanikia omena, dagaa wa ziwani, hatua arobaini hivi kutoka nyumbani kwetu. Nilifikiri ni wazo zuri sana. Nililisifu mbele ya Shantel.

Mzee Owiti, ndiye mkubwa katika ukoo wetu, akaja na fimbo yake akachungulia ndani.

"Shimo hili ni la nani?"

"Ni la filamu, Mzee," akasema Bwana Robinson.

"Filamu ina urefu wa Tom?"

Vijana walicheka. Mzee hakucheka. Akasema kwamba kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, na mtu akishaingia hatoki kwa kutembea tu. Bwana Robinson akamwambia kwa heshima, "Siku ya tatu atatoka, Mzee. Imeandikwa." Mzee Owiti akatafakari, akasema hiyo ni sawa, mradi atoke.

Walialikwa wanawake wa omena waje kulia. Mwanzoni hawakuweza. Winny, ndiye anayejua kulia kuliko wote, alisimama pale mkono kiunoni akisema, "Mimi siwezi kulilia mtu sijui watu wake. Nimuite nani? Mwana wa nani?"

"Lieni vile mnaliaga mkifiwa," Bwana Robinson akasema. "Kamera itashika."

Baba alikuwa amelala shimoni juu ya mkeka. Bridget akashuka, akamfunika uso kwa shuka jeupe. Winny akatazama shuka lile. Akaweka mikono kichwani, akaanza, na hakumwita Yesu. Aliita, "Okinyi, mwana wa Adongo, umemwachia nani mashua uliyoanza? Okinyi, baba Aoko, nani ataita jina la binti yako jioni?" Aoko ni mimi.

Wengine wakamfuata. Hawakuigiza, machozi yalitoka kweli. Dani alikaa chini mchangani kama mtu aliyekatwa miguu. Mama aliziba masikio. Bwana Robinson alimnong'oneza Bridget, "Usikate, usikate," na uso wake ulikuwa umejaa furaha. Watu wakatupa udongo, konzi tatu tatu, nami nikatupa. Nilisikia ukigonga shuka.

Ndipo upepo ukatoka ziwani na mvua nyuma yake. Jenereta ikazima. Tulikimbia wote kwenda kwenye kibanda cha mabati, vijana wakiwa wamekumbatia kamera, na tulisukumana tukipiga kelele. Ulipita muda kabla mama hajauliza, "Tom yuko wapi?"

Hakuna aliyemwambia atoke. Alikuwa akingoja neno, chini ya shuka, na maji yanaingia.

Alikuja mwenyewe katikati ya mvua, matope mpaka kwenye kope. Wanawake walimwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji mtu mmoja. Baba akatabasamu akasema, "Mmeniacha." Hakuna aliyecheka, na ni sasa tu ninapoandika ndipo naona ni kwa nini. Hakuna aliyemwona akitoka.

Bwana Robinson na Bridget wamerudi Kisumu kukausha kamera. Watakuja siku ya tatu kupiga picha za kufufuka.

Jumanne, 25 Machi

Siku ya tatu. Hawakuja. Kwa simu Bwana Robinson alisema kamera imeingia maji, tuwe na subira.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Hawajaja.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi Winny alipita mbele ya nyumba na karai la omena kichwani. Baba alikuwa mlangoni, akamsalimu. Winny hakugeuza shingo. Nilidhani hakusikia. Kisha akaingia kwa mama kupitia nyuma, akampa sukari, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Jikaze, Mama Aoko. Tom alikuwa mtu mzuri."

"Winny, Tom yuko hapo mlangoni."

"Najua," Winny akasema kwa upole. "Nimemwona."

Jumapili, 30 Machi

Wamekuja wengine wanne, na majani ya chai. Walikaa sebuleni bila kusema sana, vile watu hukaa msibani. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Walipokuwa wakitaka kuangalia upande ule waliangalia ukuta. Mmoja alisema Tom alikuwa fundi asiye na mfano. Baba akasema, "Asante." Nikasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye bati.

Jumatano, 2 Aprili

Leo wadudu wa ziwani wamepanda juu ya maji kama moshi wa kitu kinachoungua bila moto. Wameingia puani, wameingia kwenye chai.

Kaburi limejaa maji, na ndani yake kuna samaki, kamongo. Nimemwona mwenyewe, mrefu kama mkono wangu, akipanda juu kuvuta hewa kisha kuzama. Shantel anasema kamongo hulala kwenye matope miezi mingi bila kufa, tumesoma Biolojia, kwa hiyo si ajabu. Lakini na yeye alisimama mbali. Kwa kawaida samaki wa namna ile hapa Usenge hamalizi saa moja kabla hajaingia chunguni. Huyu hakuna anayemgusa.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule imefungwa. Nimekuwa wa tatu darasani. Mwenye ile mashua ambayo baba alikuwa ameifikisha ubavuni amekuja na watu wanane, wakaibeba kwenda kwa fundi mwingine. Walimwomba mama ruhusa, na si baba.

Jumapili, 6 Aprili

Katekista wetu husoma karatasi ya majina ya kuombewa. Leo, kwenye marehemu, alisoma, "na ndugu yetu Thomas Okinyi." Akasita. Akaitazama karatasi, akatutazama kwenye benchi letu, tulikuwa wanne, baba akiwa katikati. Akasema, "Nisameheni, mtu ameandika." Lakini alikuwa ameshalisoma, na kanisa lilikuwa limeshaitikia.

Tangu wiki iliyopita hapigi randa hata kipande cha mbao. Jioni hukaa kando ya lile shimo akimtazama kamongo akija juu na kuzama. Nilimuuliza anafikiri nini. "Nahesabu anakaa chini muda gani," akasema.

Jumatano, 9 Aprili

Niliahidi kila kitu.

Baba aliniomba maji. Nikamletea kwenye kikombe cha bati. Alinyoosha mkono. Mimi nikakiweka kikombe chini, sakafuni, hatua moja mbele yake, nikarudi nyuma. Sikupanga. Mkono wangu ulifanya na mimi nikautazama ukifanya.

Mkono wake ulibaki umenyooka kidogo. Kisha akainama, akakichukua, akanywa yote, akasema, "Maji mazuri, Aoko."

Sina kingine cha kuandika leo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama amempata Bwana Robinson kwa simu. Aliweka sauti juu ili sote tusikie.

"Mama Aoko, habari njema. Kufufuka tumekwisha piga. Filamu imekamilika."

"Mmepiga aje? Tom yuko hapa."

Akakohoa. Akaeleza kwamba wafadhili walitazama picha za msalaba na kaburi wakazipenda sana, wakalia. Lakini kuhusu kufufuka walisema Bwana lazima ang'ae, na watu wa nchi zote wamtambue mara moja. Wakapata mtu mwingine, wakaenda naye kwenye mawe ya Kit Mikayi.

"Mtu gani?"

"Mwigizaji tu, Mama. Ni mweupe kidogo."

"Tom hawezi kung'aa?"

"Si mimi, Mama. Mimi nilipigania."

Baba alikuwa akisikiliza. Alitazama mikono yake, upande wa juu na wa chini, kama mtu aliyeambiwa ana kidonda.

Ninakumbuka jinsi nilivyosikia joto kifuani ile siku ya kwanza. Kwenye kuteswa tulitosha. Nimeandika sentensi hii mara mbili kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua usiku na mchana. Bwana Robinson hashiki simu tena.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Filamu ilitumwa kwa katekista. Baada ya misa tuliziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi, shuka likatundikwa. Watu walijaa hadi mlangoni. Baba alikwenda kukaa benchi la mbele, na benchi lote likabaki lake. Nilikuwa karibu na mama. Nikasimama, nikaenda nikakaa naye. Nilishika mkono wake. Ulikuwa wa moto, kama wa mtu yeyote.

Alikuwa mzuri kwenye shuka. Sijui nilisemeje. Wakimpiga, alitazama kama anavyotazama mbao iliyopasuka bila kosa la mtu. Hata Dani alisema polepole, "Ni Tom, lakini pia siye." Nadhani kwa dakika ile moja alikuwa amekubali.

Halafu kaburi. Sauti ya Winny ikatoka kwenye spika, "Okinyi, mwana wa Adongo," na wanawake waliokuwa ndani ya kanisa wakaanza kulia pamoja na wanawake waliokuwa kwenye shuka, sauti zile zile mara mbili, mpaka sikujua ni zipi zinazotoka wapi. Nilijiona nikitupa udongo.

Shuka likawa jeusi. Kisha jua likachomoza juu ya mawe, na kutoka kati ya mawe akatoka mtu mweupe mwenye nywele za kubandika, nguo yake inang'aa. Hakuwa na tope hata moja. Watu walipiga makofi. Dani alishusha pumzi, akasema, "Huyo ndiye."

Baba akainuka. Mlango uko upande wa pili, kwa hiyo ilimbidi apite mbele ya projekta. Kivuli chake kikapanda kwenye shuka, kikubwa kuliko ukuta, kikamfunika yule mtu wa mawe kabisa. Makofi yalikatika. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi hapakuwa na aliyefufuka, palikuwa na umbo la baba tu na mwanga pembezoni mwake. Alisimama. Nadhani alikiona mwenyewe. Kisha akatoka, na yule mwingine akaendelea kutabasamu.

Nilipomfuata nilimkuta ameketi ukingoni mwa shimo, miguu ndani ya maji. "Nilikuwa nangoja neno tu," akaniambia. "Wangesema toka, ningetoka vizuri."

Jumanne, 22 Aprili

Mzee Owiti alikuja asubuhi akiwa na tunda la yago chini ya kwapa, lile refu zito kama mtoto. Mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, wazee huzika yago badala yake. Mama alipoliona alikaa chini.

Dani akauliza, "Owiti, umekuja kumzika mtoto wangu?"

"Nimekuja kuuliza," akasema Mzee. "Kaburi limekaa wazi mwezi mzima. Watoto wanakohoa. Watu wananifuata."

"Watoto hukohoa kila masika," mama akasema.

"Ndiyo. Lakini masika mengine hakukuwa na kaburi."

Mama akamuuliza kama Tom hawezi kuingia mchana kweupe, akatoka, watu wote wakiona. Mzee alitikisa kichwa. Waliomtia ndio wamtoe. Robinson ndiye aliyesema ingia, Bridget ndiye aliyefunika uso. Mkono uliofunika ndio ufunue. Wasipokuja kufikia Jumamosi ya tarehe kumi Mei, wazee watatia yago na kufukia, na kuanzia hapo mama atahesabiwa kuwa mjane, na hakuna atakayesema vingine.

"Na mimi?" akauliza baba.

Mzee Owiti alifumba macho. Ni mara ya kwanza kumwona akiogopa. "Tom," akasema, na kuitwa jina tu kulikuwa zaidi ya yote aliyopewa na watu mwezi huu, "mimi nimekujua tangu umezaliwa. Usiniulize mimi."

Aliliacha yago kwenye kona ya veranda. Sijawahi kudhani naweza kuliogopa tunda. Zamani nilimwona huyu mzee kuwa mtu wa mambo ya kale, na Bwana Robinson kuwa mtu wa nuru. Sasa naona mzee ndiye aliyekuja mwenyewe, kwa miguu, kwenye matope.

Ijumaa, 25 Aprili

Maji ya shimo yanapungua. Kamongo hayupo. Hakuna aliyemvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Nimempa Mwalimu Nanyama daftari. Alilisoma wakati wote wa chakula cha mchana bila kula.

Ijumaa, 2 Mei

Kesho Mwalimu Nanyama anakwenda Kisumu. Amesema ataitafuta nyumba ya Bwana Robinson huko Manyatta na kusimama mlangoni mpaka apate jibu. Ameniambia niandike barua yangu mwenyewe, asiisahihishe. Nainakili hapa.

Kwa Bwana Robinson,

Shikamoo. Mimi ni Aoko, binti wa Tom Okinyi wa Usenge. Nilikuletea chai siku ya msalaba ukaniuliza nataka kuwa nani, nikasema mwandishi.

Sikuandikii kukulaumu. Ulituuliza kanisani anayefanana nasi hufanya nini katika filamu. Nimelifikiria swali lako kuliko mtu yeyote. Katika yako anateswa, anakufa na analiliwa vizuri sana. Halafu anafufuka mwingine.

Wafadhili walisema baba hawezi kung'aa. Hawakumwona tarehe ishirini na mbili Machi alipokuja kibandani na matope, akitabasamu kwa sababu alidhani tutafurahi kumwona. Wewe ulikuwepo. Kama ungekuwa na kamera mkononi wakati ule, filamu yako ingekuwa imekwisha.

Hatuhitaji wafadhili, wala nguo nyeupe, wala kamera kama bado ni mbovu. Tunahitaji wewe useme "toka" na Bridget afunue shuka, alfajiri, mbele ya Winny na wenzake. Ni kazi ya dakika moja. Wazee watangoja mpaka Jumamosi, tarehe kumi. Yago lipo kwenye veranda yetu, na baba hulipita kila asubuhi akienda kunawa.

Mwalimu wangu amesimama hapo mlangoni kwako sasa hivi. Mpe jibu mkononi, hata kama ni neno moja, arudi nalo leo hii hii: utakuja umtoe baba yangu, au tufukie?